Samaki wako hagusi chakula cha kopo? Mwongozo kamili wa kumlisha vya baharini vibichi

Samaki wa baharini aliyeingia tangini juzi hajui kwamba punje kavu za kopo ni chakula. Huko alikotoka, chakula kilikuwa na harufu, kilikimbia, kilikuwa na gamba la kupasua au kilijificha kwenye ufa wa jiwe. Ukimmwagia punje atazitazama zikizama, basi. Hapo ndipo watu hukimbilia sokoni kununua kamba. Wazo si baya, ila wengi huanzia mwisho: wananunua kwanza, halafu wanajiuliza huyu samaki atakula vipi. Anza na mdomo wake, ndipo uende sokoni.

Mwongozo huu ni wa tangi la maji chumvi, na mifano mingi ni ya samaki wa pwani yetu, kwa kuwa hao ndio wafugaji wa Dar, Mombasa na Unguja huwapata wakiwa wametoka baharini moja kwa moja, bado na ukaidi wao wote.

Kwanza hakikisha shida ni chakula

Pima maji kabla ya kumlaumu samaki. Amonia iwe sufuri, naitraiti iwe sufuri (zote ni sumu zitokanazo na uchafu wa tangini), joto liwe kati ya 25°C na 27°C. Samaki anayepumua mbio mbio, mwenye vidoadoa vyeupe kama chembe za chumvi, au anayejisugua kwenye mawe ni mgonjwa, na kamba hata awe mtamu vipi hatamponya. Tazama pia kama kuna mbabe anayemfukuza. Samaki kangaja mmoja mkubwa anatosha kumfanya samaki-kipepeo ashinde nyuma ya jiwe siku nzima akiwa na njaa yake.

Halafu mtazame kwa mbele, si kwa ubavu. Tumbo lililobonyea ni onyo. Nyama ya mgongoni, nyuma tu ya kichwa, ikiwa imekonda hadi mgongo umekuwa kama ukingo wa kisu, ujue ameshaanza kula misuli yake mwenyewe na muda uliobaki ni mfupi. Mkunga (samaki mrefu kama nyoka) aliyenona hukaa wiki kadhaa bila kula na asipate madhara. Kipepeo mdogo hana akiba hiyo. Akipitisha siku tatu nne bila kudonoa kitu, acha kusubiri.

Soma mdomo

Mdomo mwembamba uliochongoka, kama wa kipepeo, ni wa kudonoa. Samaki huyu hakimbizi mawindo wala hamezi vipande. Anazunguka mwamba akichomoa kidogo hapa, kidogo pale, mchana kutwa. Ukimtupia kipande cha kamba kikipita katikati ya maji, hakitambui. Anataka chakula kilichoshikamana na kitu.

Mdomo mpana unaofunguka kama mfuko, wa chewa na wa samaki-simba (*Pterois miles*, yule mwenye miiba mirefu iliyotanda kama mbawa), ni wa kumeza mzimamzima. Kinachomwamsha ni mwendo. Chakula kilicholala mchangani kwake ni kama jiwe.

Mkunga haoni vizuri, ananusa. Mwenye mabaka kama theluji, *Echidna nebulosa*, ana meno butu ya kusagia kaa na kamba, na ndiye mkunga rahisi kuliko wote kwa sababu hiyo. (Funika tangi lake vizuri kila upande. Mkunga hupita kwenye tundu ambalo ungeapa hapiti.)

Bunju na kikande wana meno ya kuvunjia. Meno ya bunju hayaachi kukua, kwa hiyo akilishwa minofu mitupu miezi na miezi yatarefuka mpaka ashindwe kufunga mdomo. Wape vyenye gamba: miguu ya kaa, kombe wadogo, kamba na ganda lake. Na vidole vyako viweke mbali na kikande.

Kangaja na tasi ni walaji wa majani. Kamba atawavutia siku za mwanzo, lakini chakula chao ni mwani. Wakulima wa mwani wa Zanzibar hawahitaji kuambiwa hili. Tasi ni wezi wanaowajua vizuri shambani. Funga karatasi ya mwani mkavu usio na viungo wala chumvi ya kuongezwa kwenye kibanio, izamishe, na vya sokoni viwe nyongeza tu.

Sokoni

Nenda asubuhi. Pale soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, ukifika wakati wa mnada unapata mzigo ambao haujapita mikono mingi wala haujamwagiwa maji ya bandarini mara kumi ili ung'ae. Unayemnunulia samaki wa tangi una haki ya kuwa mkali kuliko anayenunua mboga, kwa sababu mboga itapikwa na hii haitapikwa.

Kamba nunua wakiwa na vichwa. Kichwa ndicho kinachosema ukweli: kikiwa kinaning'inia, kimekuwa cheusi au kinatoa harufu ya kupalia pua, acha. Waliokwisha menywa na kufungwa viwandani mara nyingi wametiwa fosfeti ili washike maji, na dawa ya kuzuia weusi. Fosfeti hiyo ikiingia tangini inalisha mwani usioutaka kwenye kioo. Soma maelezo ya pakiti. Kama yameandikwa kitu zaidi ya kamba na maji, rudisha.

Ngisi mzuri nyama yake ni nyeupe inayong'aa na ngozi bado ina madoa. Akianza kuwa wa waridi kwa ndani amekaa. Ngisi ni mtambo wa harufu, ndiyo maana wavuvi wa mshipi wanampenda kwa chambo, na tangini ndiye wa kwanza kumjaribia mkunga.

Chaza, kombe na kome nunua wakiwa hai. Gonga gamba: aliye hai hufunga. Wanapatikana kwa wingi siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali na akina mama wakishuka kuokota. Maji mafu yakifika, walioko sokoni huenda ni wa juzi. Uliza pia wametoka wapi, kwani hawa huchuja maji wanayokaa ndani yake, na walioota karibu na mfereji wa maji taka wanabeba yaliyomo kwenye mfereji. Kombe ana damu nyekundu. Usishtuke ukimfungua, ila msuuze sana.

Samaki wa minofu myeupe, kama changu, anafaa kwa kiasi. Jodari na vibua wana mafuta na damu nyingi. Kipande kimoja kinaweza kuacha utando juu ya maji.

Dagaa na samaki wadogo waitwao simu wanahitaji maelezo zaidi, maana ni rahisi, ni wadogo, wanamezeka, na kila mwenye samaki-simba hushawishika. Samaki wengi wa koo hizo wana kimeng'enya kiitwacho thayaminesi, kinachovunja vitamini B1. Kuwagandisha hakukiui, kinaendelea kufanya kazi polepole hata ndani ya friza. Baadhi ya kamba na kome nao wanacho. Samaki aliyelishwa hivyo peke yake kwa muda mrefu huanza kuyumba, kuogelea kwa kushtuka-shtuka, kukosa shabaha anapopiga chakula, na mwishowe hufa huku maji yamepimwa na ni safi. Mara moja moja haidhuru. Kila siku ni sumu ya taratibu. Ndiyo sababu kubwa ya kubadilisha: leo kamba, kesho ngisi, siku nyingine kombe.

Nyama ya ng'ombe, kuku, vitu vya chumvi, vya moshi na vilivyokaangwa visikaribie tangi. Samaki wa dhahabu wanaouzwa hai kama chakula nao sitaki kuwaona kwa samaki wa baharini: wana thayaminesi ileile, na mafuta yao siyo yale ambayo samaki wa chumvi anayahitaji.

Kuandaa: kibichi kipite frizani kwanza

Kumpa samaki kitu kilichotoka baharini saa ile ile kunaonekana ndiyo ubora wenyewe. Kwa usalama wa tangi sivyo. Kitu kibichi cha baharini huja na vimelea vyake, na tangi ni chumba kilichofungwa.

1. Suuza kwa maji safi ya bomba. Menya kamba, toa mshipa mweusi wa mgongoni. Kwa bunju na kikande acha ganda. Ngisi mtoe matumbo, wino na ule unyoya mgumu wa ndani.

2. Kata kabla ya kugandisha. Kipande kisizidi upana wa mdomo. Kwa wadonoaji kiwe kidogo kuliko jicho lao. Kwa mkunga na chewa kata vipande virefu kama ukanda, maana ukanda ukitikiswa unaonekana hai.

3. Kausha kwa kitambaa safi, tandaza ndani ya mfuko wa plastiki mpaka uwe bapa, toa hewa, andika tarehe. Mfuko bapa unavunjika kipande cha mlo mmoja bila kuyeyusha wote.

4. Gandisha angalau siku 7 kwenye friza inayofika −18°C hadi −20°C. Vimelea vingi hufa. Bakteria hawafi, wanalala tu, kwa hiyo usafi wa hatua ya kwanza haufutwi na hatua hii.

5. Tumia ndani ya miezi mitatu. Umeme ukikatika na mfuko ukayeyuka kabisa, usiugandishe tena, tupa.

Kombe na chaza wana faida yao: ukiwagandisha wakiwa hai na magamba yao, wakiyeyuka hufunguka wenyewe. Huhitaji kupigana nao kwa kisu.

Siku ya kulisha, weka kipande kwenye kikombe chenye maji kidogo ya tangi, kiache kiyeyuke ndani ya friji, kisha chuja na umwage yale maji. Usiyamimine tangini. Ndiyo yenye fosfeti na uchafu mwingi kuliko nyama yenyewe. Baada ya kuchuja, dondoshea vitamini ya maji ya samaki na uache dakika 10 au 15 inywewe. Kitunguu saumu wengi hukisifia. Kukitumia kama kivutio sina ugomvi nako. Wanaosema kinatibu madoa meupe ndio nisiokubaliana nao.

Kipepeo na gamba la kombe

Njia hii nitaieleza kwa kirefu kwa kuwa imeokoa samaki wengi waliokuwa wamekatiwa tamaa, na inafaa kwa mdonoaji yeyote.

Chukua kombe aliyeyeyuka na kufunguka. Tenganisha magamba mawili, moja litupe. Lililobaki na nyama pitisha kisu chini ya nyama ukate msuli unaoishika, lakini usiitoe. Iache imelala pale pale, imelegea kiasi cha kuchomoka kwa kudonolewa. Chana-chana ukingo wake kwa ncha ya kisu ili nyuzi zielee. Suuza mara moja.

Punguza mkondo wa pampu. Libanishe gamba katikati ya mawe, mahali ambapo kipepeo hupita kila siku, nyama ikitazama nje. Usiliweke chini mchangani ambako kaa na konokono watalifikia kwanza. Halafu ondoka mbele ya kioo. Samaki mgeni hamsahau mtu aliyesimama akimkodolea macho.

Utaona hivi: atapita kama hajaona. Atarudi, atainamisha kichwa, atalitazama kwa jicho moja, kisha la pili. Nyuzi zikitikisika atadonoa mara moja na kuruka nyuma. Akidonoa mara ya pili bila kuruka, umeshinda. Liache saa moja au mbili, lisilale humo.

Sasa usitupe lile gamba tupu. Kwa siku kadhaa mpe kombe ndani ya gamba hilo hilo, mahali pale pale, mpaka awe anakuja akiliona tu mkononi mwako. Kisha saga kamba laini na ulipake ndani ya gamba badala ya kombe. Atakula, maana kwake gamba ndilo sahani. Akizoea, changanya punje zilizolowekwa kidogo ndani ya kamba aliyesagwa, ukiongeza sehemu ya punje kila baada ya siku chache. Mwisho vunja vipande vya mchanganyiko huo juu ya gamba ili vingine vipeperuke. Atavifuata, na hapo amejifunza kwamba chakula kinaweza kuwa katikati ya maji. Ukiona amegoma hatua moja, rudi nyuma hatua moja. Usirudi mwanzo.

Wamezaji: kijiti na mwendo

Kijiti cha mshikaki kinatosha, mradi ukate ncha yake na kuisugua iwe butu. Kwa samaki-simba funga kijiti kwenye kitu kirefu, mkono wako ubaki nje ya maji. Miiba yake ina sumu. Ukichomwa, zamisha sehemu hiyo kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, yasizidi kama 45°C, kwa dakika 30 hadi 90, na uende hospitali.

Chomeka ukanda wa kamba kwa ulegevu. Zima taa kubwa, acha mwanga hafifu, kwani samaki-simba huwinda magharibi na alfajiri. Pitisha kijiti mbele yake kwa mshtuko mdogo mdogo: kisogee, kisimame, kisogee. Usimwelekezee usoni, hakuna mawindo yanayomkimbilia mlaji. Kikimwendea atarudi nyuma, kikimkimbia atatandaza mbawa na kukifuata. Dakika tano, hajagusa, toa. Jaribu kesho.

Asipokubali siku kadhaa na mwili unapungua, tumia duvi (kamba wadogo) hai. Suuza kwa maji yasiyo ya chumvi sekunde chache, mwachie mmoja mmoja. Akishakula wa hai, mpe duvi aliyekufa sasa hivi kwa kijiti, kisha kamba. Usimzoeshe hai kwa wiki nyingi, utakuwa mtumwa wa mwenye duvi.

Mkunga hana haja ya maigizo. Shika ukanda wa ngisi mbele ya tundu lake, mkondo ukielekea ndani, na usubiri pua ifanye kazi yake.

Kiasi, na maji baada ya mlo

Samaki-simba mkubwa, chewa na mkunga: mara mbili au tatu kwa wiki, mpaka tumbo lijae kidogo, lisivimbe. Hawajui kusema basi, na ini lenye mafuta huwaua wafugwao kwa mapenzi makubwa. Bunju na kikande wadogo: kila siku kidogo. Kipepeo: mara tatu au zaidi kwa siku, kidogo sana kila mara.

Kila kilichobaki kitoke ndani ya saa moja, isipokuwa gamba la kipepeo kama nilivyosema. Nyama mbichi ikioza hutoa amonia, na kwenye maji ya bahari, ambayo pH yake (kipimo cha uasidi) ni kama 8 na kidogo, sehemu kubwa zaidi ya amonia hiyo huwa katika hali ya sumu kuliko kwenye maji ya kawaida yasiyo ya chumvi. Pima kesho yake asubuhi katika wiki za mwanzo. Skima, mashine inayotoa uchafu majini kwa povu, utaiona inafanya kazi ya ziada na kikombe kinajaa upesi, kioshe. Badilisha 10% hadi 15% ya maji kila wiki.

Umeme ukikatika, usilishe kabisa. Chujio limesimama, hewa inapungua, na samaki aliyeshiba anahitaji hewa nyingi kuliko mwenye njaa. Umeme ukirudi, subiri pampu zifanye kazi saa mbili tatu.

Mchanganyiko wa kudumu

Akishakula chochote unachompa, acha kumpa kitu kimoja kimoja. Saga kwa mkupuo gramu 200 za kamba, 100 za ngisi, 100 za changu, 50 za kome au kombe, na karatasi mbili za mwani mkavu. Usisage mpaka uji, vipande vionekane. Yeyusha gramu 20 za jelatini isiyo na sukari kwenye maji ya moto mililita 250, iache ipoe hadi iwe vuguvugu, tia vitamini, changanya na nyama, mimina kwenye trei iwe na unene wa nusu sentimita. Ikishika ndani ya friji, kata vipande vya mlo na ugandishe. Jelatini huzuia vumbi la chakula kusambaa, na vitamini haikimbilii majini yote.

Endelea kumpa na punje zile alizozikataa, hata mara chache. Siku utakaposafiri, jirani atakayekulishia hatakubali kusaga ngisi.

Ambao kamba hatawasaidia

Vipepeo si wote sawa. *Chaetodon trifascialis* na *Chaetodon trifasciatus* hula matumbawe hai, karibu hicho tu, na wengi wao hufa njaa tangini mbele ya kombe aliyefunguliwa vizuri. *Chaetodon auriga*, mwenye uzi mrefu kwenye pezi la mgongoni, hula karibu kila kitu na ndiye wa kuanza naye. Samaki-mandarini, yule mdogo wa rangi za kijani na buluu, anahitaji vijidudu hai vya kwenye mawe kutwa nzima, sokoni hawauzwi.

Kwa yeyote utakayemnunua, mwambie muuzaji amlishe mbele yako. Akikuambia ameshakula asubuhi, mwambie utarudi jioni.